Gia za unga wa chuma: acheni kuzichora kama gia za kuchongwa

Leo tuiweke tarakilishi kando kidogo, tuzungumze chuma. Usihofu, msimbo utarudi kabla hatujafika mwisho. Mada ni gia za giaboksi ya gari zinazotengenezwa kwa unga wa chuma, na msimamo wangu nautoa mapema ili asiye na muda wa kusoma yote aondoke na kitu: gia ya unga haivunjiki kwa sababu ni ya unga. Huvunjika kwa sababu mtu aliichukua michoro ya gia ya kuchongwa kutoka kwa chuma kizima, akabadilisha malighafi, akaacha mengine yote vile yalivyokuwa.

Najua wengi wakisikia neno unga wanaanza kucheka. Nenda Grogan, pale Barabara ya Kirinyaga, umwonyeshe muuza spea gia umwambie ilikuwa unga kabla ya kuwa gia. Atakuuliza kama ni ya chapati. Halafu atakuambia ni feki. Lakini muuzaji huyo huyo huuza bidhaa za unga kila siku bila kujua. Gia ndogo za pampu ya oili, magurudumu yenye meno ya cheni ya taiming, vitovu vya sinkronaiza ndani ya giaboksi ya mkono, vyote hivi kwa miaka mingi vimekuwa vikishindiliwa kutoka kwa unga. Bushi za mota ya stata ni unga wa shaba na bati uliookwa, na matundu yake yameachwa makusudi yahifadhi oili. Na ile ncha ya kabaidi ya tungsteni ambayo fundi wa mashine ya kukereza anaitegemea kukata chuma kigumu? Unga pia! Imetengenezwa hivyo tangu miaka ya 1920 kule Ujerumani, kwa maana tungsteni huyeyuka kwenye joto kubwa mno hata ikawa rahisi zaidi kuishindilia na kuioka kuliko kuiyeyusha. Gari la Porsche 928 liliingia sokoni mwaka 1977 likiwa na fimbo za pistoni zilizofuliwa kutoka kwa unga. Fimbo ya pistoni, jamani, kitu kinachovutwa na kusukumwa maelfu ya mara kwa dakika.

Kwa hivyo swali la kama unga unaweza kuwa na nguvu lilijibiwa zamani. Swali la maana ni kwa nini gia kubwa za giaboksi, zile zinazobeba nguvu yote ya injini kwenda kwenye magurudumu, zimechelewa kujiunga na wenzake.

Tuanze na jinsi inavyotengenezwa. Chuma kilichoyeyuka hupigwa kwa maji yenye kasi kubwa, kinatawanyika kuwa punje ndogo, kisha punje hukaushwa na kusafishwa kutu. Huchanganywa na kaboni kidogo, pengine na shaba au nikeli, na ulainisho ili unga usigande kwenye kalibu. Unga huo humiminwa ndani ya kalibu lenye umbo la gia, kisha shinikizo linashuka. Kiwango cha kawaida ni kama megapaskali 600, yaani takriban tani 6 kwa kila sentimita moja ya mraba. Chukua gia ya kipenyo cha sentimita 7 yenye tundu la katikati la sentimita 3. Eneo lake ni karibu sentimita 31 za mraba, kwa hivyo mashine inabonyeza kwa uzito wa tani 190 hivi. Kinachotoka kina umbo la gia lakini ukikidondosha sakafuni huenda kikamegeka. Ndipo kinapitishwa kwenye tanuri la joto la nyuzi 1,120 hivi, ndani ya hewa ya nitrojeni na hidrojeni ili kisiungue. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538, kwa hivyo hapa hakiyeyuki. Punje zinashikana zikiwa bado ngumu, kama vile donge la sukari linavyoshikana likikaa.

Uzuri wake unaonekana mara moja. Gia ya kuchongwa huanza kama kipande kikubwa, nusu yake ikaishia sakafuni ikiwa vumbi na nywele za chuma. Gia ya unga hutumia zaidi ya asilimia 95 ya malighafi, na meno yanatoka yakiwa yameshafanyika.

Ubaya nao unaonekana mara moja. Chuma kizima kina msongamano wa gramu 7.87 kwa sentimita ya ujazo. Gia ya unga iliyoshindiliwa mara moja na kuokwa mara moja hufika kama 7.1. Piga hesabu: sehemu moja kati ya kumi ya gia yako ni hewa. Vitundu vidogo ajabu, huvioni kwa macho, lakini vipo kila mahali, na kila kitundu ni mahali ufa unapoweza kuanzia. Chuma kina uchovu wake. Ukikipinda kidogo mara milioni moja kinaweza kukatika hata kama mzigo wa kila mara haukukaribia kukivunja. Ufa unatafuta pa kuanzia, na wewe umempangia vyumba.

Hapa ndipo mabishano ya watu wengi yanapoishia: matundu asilimia 10, basi haifai. Mimi nasema hapa ndipo yanapoanza.

Jiulize jino la gia linaumia wapi. Sehemu ni mbili tu. Ya kwanza ni shina la jino, pale linapoungana na mwili wa gia, kwa sababu kila jino linaposukumwa linapinda kama tawi. Ya pili ni ubavuni, pale meno mawili yanapokutana na kusagana. Mjerumani Heinrich Hertz alishaonyesha mwanzoni mwa miaka ya 1880 jinsi vitu viwili vilivyopinda vinavyobonyezana, na hesabu zilizofuata zikaonyesha jambo ambalo hungelitarajia: mkazo mkali zaidi wa kukata hauko juu ya uso. Uko chini yake kidogo. Kwa gia za gari ni sehemu chache za kumi za milimita ndani. Ufa huanzia huko, unapanda juu, kipande kinabanduka, na jino linabaki na shimo kama barabara yetu baada ya mvua.

Sasa unganisha mambo hayo mawili. Ikiwa maumivu yote yako kwenye shina na kwenye milimita moja ya kwanza ya ubavu, matundu yaliyo katikati ya gia yanamdhuru nani? Karibu hakuna. Yanapunguza uzito, basi. Kwa hivyo huhitaji kufunga matundu yote. Funga yaliyo kwenye ngozi.

Na kuna njia. Gia iliyookwa inawekwa katikati ya magurudumu mawili ya chuma kigumu yenye meno, yanaibana na kuizungusha, meno yakiuviringa uso kwa nguvu mpaka vitundu vya juu vinapondwa na kuzibwa. Kazi ya sekunde chache. Baada ya hapo ukikata jino ulitazame kwa hadubini, nje ni chuma karibu kizima, na kadiri unavyoingia ndani ndivyo vitundu vinavyorudi. Kisha gia inalishwa kaboni usoni kwenye joto la zaidi ya nyuzi 900 na kupozwa ghafla, ngozi inakuwa ngumu kama jiwe na moyo unabaki na ulaini wake. Hata hapo kuzibwa kwa vitundu kunasaidia. Kwenye gia yenye matundu wazi gesi ya kaboni hupenya kama maji kwenye sifongo, inaingia ndani kuliko ulivyotaka, na jino zima linakuwa gumu na la kukatika kama biskuti. Ngozi iliyofungwa inaizuia mlangoni.

(Kwa njia, si wazo geni katika sehemu zetu. Kwenye matanuri ya zamani ya Buhaya, kule Kagera, na kwingineko Afrika Mashariki, mara nyingi chuma hakikumiminika kama uji. Kilitoka donge lenye matundu kama sifongo, na kazi ya mhunzi ilikuwa kulipiga nyundo mpaka matundu yajifunge. Mhunzi angeelewa mashine hii ya kuviringa bila kuelezwa mara mbili.)

Basi kwa nini nasema tatizo ni michoro? Kwa sababu kuviringa kunabadilisha umbo, na umbo la jino la gia ndilo kila kitu. Fanya hesabu rahisi. Tabaka la milimita 1 lenye hewa asilimia 10 ukilifunga lote, uso wa jino unazama milimita 0.1. Usahihi wa jino la gia ya gari hupimwa kwa mikroni, yaani sehemu za elfu za milimita. Umepoteza mikroni 100. Kwa hivyo jino lazima lizaliwe likiwa nene, na si nene sawasawa. Magurudumu yanapoviringa hayabonyezi tu, yanaburuta pia. Ubavu mmoja wa jino unaburutwa kuelekea katikati yake, na ubavu wa pili unavutwa kutoka katikati kwenda ncha na shina. Pande mbili za jino moja zinahitaji unene tofauti mwanzoni ili mwishoni zifanane. Ukikosea, chuma kinajikunja kwenye ncha kama ukingo wa chapati, na mkunjo huo ni ufa uliojitengenezea mwenyewe kiwandani.

Halafu kuna suala la kunyumbuka. Chuma kizima kina ugumu wa kunyumbuka wa gigapaskali kama 206. Chuma cha unga chenye msongamano wa 7.1 kinacheza kati ya 140 na 160. Jino linapinda zaidi chini ya mzigo ule ule. Wachoraji wa gia huparuza ncha ya jino kidogo sana ili jino linalofuata liingie bila kugonga, na kiasi cha kuparuza kinategemea jino linavyopinda. Ukitumia kiasi cha gia ya chuma kizima kwenye gia ya unga, meno yanagongana. Utasikia kelele kwanza, kisha utaona ubavu unabanduka, kisha utasema unga haufai. Ni kama kuchukua programu iliyoandikwa kwa Windows ukailazimisha iende kwenye Linux bila kuigusa, halafu ukailaumu Linux.

Upande wa pili wa shilingi ni ule ambao hausemwi vya kutosha, kwamba unga unakupa uhuru ambao mashine ya kuchonga haina. Chombo kinachochonga meno kinazunguka na kuacha shina lenye mkunjo wa aina moja tu, upende usipende. Kalibu halijali. Unaweza kulipa shina mkunjo wowote unaopunguza mkazo, na ukalipata bure kwenye kila gia. Unaweza kuweka mashimo mwilini mwa gia kupunguza uzito bila kutoboa. Kuna mipaka, bila shaka. Gia inatoka kwenye kalibu kwa kusukumwa juu, kwa hivyo chochote kinachojitokeza kando kitakwama, na meno ya mshazari yanataka kalibu linalozunguka wakati wa kubonyeza, kazi inayozidi kuwa ngumu mshazari ukizidi. Lakini mipaka hiyo ni tofauti na ile ya kuchonga, na ndiyo maana mchoro unafaa kuanza upya.

Kampuni ya Höganäs ya Uswidi ilionyesha jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 2010. Ilichukua giaboksi ya mkono ya gia 6 ya General Motors, ile M32 iliyoundwa kubeba msokoto wa nyutonimita 320, ikachora upya meno ya gia kwa ajili ya unga badala ya kunakili yale ya zamani. Naam, Höganäs huuza unga wenyewe, na muuza unga hatakuambia chapati ina madhara. Lakini njia yao ndiyo sahihi: badilisha umbo kwanza, kisha uulize kama malighafi inatosha.

Kizuizi kilichobaki, na hapa ndipo ninapokasirika kidogo, ni data. Mhandisi anayetaka kukadiria nguvu ya gia hufungua kanuni ya ISO 6336. Sehemu ya 5 ina viwango vya uchovu vya vyuma vya aina nyingi, hata vya kusubu, lakini chuma cha unga cha kuokwa hakimo. Wamarekani kupitia chama chao cha watengenezaji gia, AGMA, wana mwongozo wa kukadiria kupinda kwa meno ya unga yaliyonyooka, na ni hatua nzuri, ila haukupi ubavu uliozibwa kwa kuviringwa. Kwa hivyo kila kampuni hujipimia yenyewe na kufungia matokeo kabatini.

Na kupima si mchezo. Ili kujua kama ubavu wa jino utadumu, gia huzungushwa chini ya mzigo mara milioni 50. Kwa mizunguko 3,000 kwa dakika hiyo ni saa 278, karibu siku 12 mchana na usiku, upate nukta moja kwenye grafu. Nukta moja haitoshi. Unahitaji nyingi, kwa mizigo tofauti, kwa msongamano tofauti, kwa kina tofauti cha ngozi. Ukimaliza umetumia miezi na pesa nyingi, kwa hivyo naelewa kwa nini kampuni haitaki kugawa. Ila matokeo yake ni kwamba kila mtu analipia nukta zile zile upya, na yule asiye na uwezo wa kulipia anabaki na chuma kizima kwa sababu ndicho chenye jedwali. Teknolojia nzuri inashindwa kwa kukosa jedwali! Sisi wa programu huria tuliliona hili zamani. Wapinzani wanaweza kugawana msingi na bado wakashindana juu yake. Watengenezaji unga wangechapisha grafu za uchovu pamoja na ramani ya msongamano wa kila jino lililopimwa, wangeuza unga zaidi, si kidogo.

Je, sisi Kenya tuna nafasi gani? Nitakuwa mkweli hata kama itaudhi. Hatutashindilia gia za giaboksi za magari hapa hivi karibuni, na sioni aibu kusema hivyo. Kalibu moja ni ghali na hulipa pale tu linapotoa gia kwa mamia ya maelfu. Magari yanayounganishwa Thika, Nairobi na Mombasa kwa mwaka huhesabiwa kwa maelfu, tena ya aina nyingi, kila moja na giaboksi yake. Hesabu haikubali. Anayetaka gia 50 za trekta la zamani achonge.

Lakini ile kazi ya kutafuta umbo la mwanzo, yaani jino liwe nene kiasi gani na wapi ili baada ya kuviringwa liwe sahihi, ni kazi ya tarakilishi. Unaanza na jino la mwisho unalolitaka, unakisia la mwanzo, unaiga kuviringa, unaona kosa, unasahihisha, unarudia. Msingi wa hesabu ya chuma chenye vitundu ulichapishwa na Gurson mwaka 1977 na uko wazi kwa kila mtu. Programu za kuigiza mikazo kama CalculiX na Code_Aster ni huria. Mwanafunzi wa uhandisi wa JKUAT mwenye tarakilishi ya wastani anaweza kuanza leo kwa jino moja. Kinachomkwamisha ni zile grafu zilizo kabatini, na ndiyo sababu nimelipigia kelele jambo hilo.

Kuna pia makanika wetu, ambao hawakuulizwa maoni na bado gia hizi zinawafikia kupitia magari ya mitumba. Mazoea mawili yanafaa kuachwa. La kwanza ni kuchomelea jino lililomegeka la gia ya unga. Vitundu vyake vimenyonya oili kwa miaka, na moto wa welding unaitoa oili hiyo kama moshi katikati ya kiungo, unabaki na jino lenye mapovu. La pili ni kusaga ubavu uliochubuka ili uwe laini. Kwenye gia iliyoviringwa unasaga ile ngozi yenyewe iliyofungwa, nguvu yote ya jino, unaacha sifongo ibebe mzigo. Itapendeza ukiitazama, na itarudi gereji.

Na magari ya umeme? Kuna wanaosema yanaua mada hii, kwa kuwa giaboksi ya gia 6 ina gia zaidi ya dazeni na gari la umeme lina jozi mbili hivi na difarensho. Sikubaliani. Mota ya umeme huzunguka hata mara 15,000 kwa dakika na zaidi, na hakuna injini ya kuficha kelele, kwa hivyo umbo la jino lazima liwe sahihi zaidi kuliko zamani na lirudiwe vile vile kwenye kila gari linalotoka kiwandani. Mchoraji ataanza na karatasi tupu, bila gia ya zamani ya kunakili. Akiwa na jedwali mkononi, huenda safari hii akachora ya unga tangu mstari wa kwanza.